Mwenye Mali na Mwenye Deni

Katika lugha ya Kiswahili neno "mwenye" hutangulia mambo mengi yasiyofanana. Mtu huitwa mwenye nyumba, mwenye busara, mwenye njaa, mwenye deni. Lugha haikujali kwamba nyumba ni kitu kinachotamaniwa na deni ni kitu kinachokimbiwa. Yote mawili imeyafunga kwa mwanadamu kwa kamba moja. Sheria ya biashara, kwa upande wake, imefanya kazi ya miaka mingi kuikata kamba hiyo, ili mtu aweze kuwa mwenye mali pasipo kuwa mwenye deni lililozaliwa na mali ile ile. Kama kazi hiyo ni ya haki, na ni ya haki kwa kiasi gani, ni swali ambalo wanafunzi wa sheria hulipita haraka, kwa sababu vitabu vyao vimekwisha kulijibu. Wakulima wa pamba hawajapata nafasi ya kulipita.

Sapiwi ni kata katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, nchi ya Wasukuma iliyo mashariki ya Ziwa Victoria. Maisha ya nchi hiyo ni ya shamba na ng'ombe: mahindi, mtama, dengu, na juu ya yote pamba, ambayo kwa wengi ndiyo fedha ya mwaka mzima. Mbegu hupandwa kwa mvua za mwisho wa mwaka, na soko hufunguliwa yapata mwezi wa Mei. Katika kata kama hii mtu aweza kuona, pasipo kwenda mjini, karibu kila namna ya umiliki wa biashara ambayo sheria ya Tanzania inaitambua: duka la mtu mmoja, mashine ya kusaga ya ndugu wawili, kampuni inayokuja kununua pamba, na chama cha ushirika cha msingi, ambacho watu wote sasa hukiita AMCOS. Shuleni namna hizi hufundishwa kama orodha, kila moja na faida zake na hasara zake, mfano wa aina za majani katika somo la mimea. Lakini chini ya tofauti zake zote liko swali moja: biashara ikianguka, ni nani atakayelipa, na ni nani atakayepoteza?

Mwenye duka la peke yake hana swali hilo. Sheria haimtofautishi na duka lake. Akiuza kwa jina lake mwenyewe hahitaji hata kuliandikisha; akitaka kuuza kwa jina jingine, atalisajili kwa mujibu wa sheria ya majina ya biashara, na usajili huo humpa jina, haumpi nafsi ya pili. Faida ni yake, kodi ni yake, deni ni lake. Na deni likishinda bidhaa zilizo rafuni, ng'ombe wake wa zizini wanaweza kulijibu. Akifa, duka kwa macho ya sheria limekufa pamoja naye, na warithi hugawana kilichobaki baada ya wadai. Ni sheria kali, lakini ukali wake ndio unaomfanya aaminiwe. Mtu anayemkopesha magunia ya sukari hatazami sukari. Anautazama uso, anaufikiria ukoo, na anakumbuka jinsi baba wa mtu yule alivyolipa madeni yake. Wahenga waliosema dawa ya deni kulipa walikuwa wakisema juu ya watu wa namna hii, wasio na mahali pa kujificha.

Ubia huanza pale ambapo mfuko mmoja hautoshi. Ndugu wawili hununua mashine ya kusaga. Mmoja anatoa fedha, mwingine anatoa kazi na eneo. Hata wasipoandika neno lolote, mwenendo wao waweza kuwafanya wabia mbele ya sheria, na katika Tanzania Bara kanuni za ubia zimo ndani ya Sheria ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872. Kanuni iliyo kuu ni ya kutisha kidogo: kila mbia ni wakala wa mwenzake katika shughuli za kawaida za biashara yao, na kila mbia hujibu madeni yote yaliyoingiwa wakati yeye ni mbia. Ndugu wa kwanza akikopa mafuta ya mashine, ndugu wa pili amekopa. Mdai hana haja ya kuuliza nani alikunywa faida na nani alilala njaa. Hapo sheria imefika mahali pa juu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa imewataka watu wawili kuchukuliana makosa kama watu wa nyumba moja. Ubia mwingi huvunjika kwa sababu hiyo. Watu hupenda kushirikiana mali kuliko kushirikiana aibu.

Yafaa kukumbuka kwamba Wasukuma walijua kushirikiana kabla ya sheria hizo. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kazi, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Walilima mashamba kwa zamu au kwa malipo ya chakula, pombe na nyama, na aliyekosa bila sababu alitozwa faini. Umoja huo ulikuwa na amri na adhabu, lakini haukuwa na mtaji wala mkopo. Walichokiweka pamoja ni mikono, na mikono haiwezi kuwekwa rehani. Wako wanaosema kwamba ushirika wa siku hizi ni mwendelezo wa desturi hiyo. Usemi huo ni mzuri katika hotuba. Kwa kweli tofauti ni kubwa: kundi la vijana lilipoacha kulima, hapakubaki mtu anayedaiwa.

Kampuni ni jambo jingine kabisa. Hapo sheria huumba mtu. Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006, inaruhusu watu kuandikisha kampuni binafsi, ambayo wanahisa wake hawazidi 50 na haiwezi kuuita umma ununue hisa zake, au kampuni ya umma, ambayo yaweza kufanya hivyo. Tangu siku ya cheti cha usajili, kampuni ina jina lake, mali yake na madeni yake. Yaweza kushtaki na kushtakiwa. Haioi, haizai, haiumwi, na haifi kwa kufa kwa walioianzisha. Mwanahisa aliyekwisha kulipia hisa zake hadaiwi zaidi. Kampuni ikianguka, anapoteza kile alichokiweka, na mlango wa nyumba yake haubishwi.

Mfano unaotajwa katika kila chuo cha sheria ni wa Aron Salomon, mtengeneza viatu wa Whitechapel katika London. Mwaka 1892 aliiuza biashara yake kwa kampuni ambayo yeye mwenyewe aliianzisha. Sheria ya Uingereza ya siku zile ilitaka wanahisa saba. Basi walikuwa saba: Salomon, mkewe, na watoto wao watano. Katika hisa 20,007 zilizotolewa, yeye alikuwa na 20,001, na jamaa zake hisa moja moja. Sehemu ya bei ya biashara hakulipwa taslimu. Alipewa hati za deni za pauni 10,000, zenye rehani juu ya mali ya kampuni. Kampuni haikukaa muda ikafilisika. Mali iliyosalia haikutosha kulipa wote, na mwenye rehani hutangulia. Wauza ngozi na wengine waliokopesha bila rehani waliuliza: Salomon huyu anayedai ni nani, ikiwa siye Salomon yule yule anayedaiwa? Mahakama ya Rufani iliona ya kwamba swali lao ni la haki na kwamba mpango mzima ni hila. Mwaka 1896 Baraza la Malodi likaamua kinyume: kampuni iliyosajiliwa kwa kufuata sheria ni mtu mwingine mbali, hata kama mtu mmoja anashika karibu hisa zote. Kumtendea haki Salomon, yafaa isemwe pia kwamba hakuwa mwizi. Alikuwa ameziweka rehani hati zake mwenyewe ili apate fedha za kuiokoa kampuni, naye alipoteza mengi. Ila hukumu haikusimama juu ya wema wake. Ingekuwa ile ile kama angekuwa mwovu mwenye makaratasi safi.

Hukumu hiyo imesafiri pamoja na sheria ya Kiingereza hata Afrika ya Mashariki, na mahakama za Tanzania huifuata. Huwepo na toleo: pale kampuni inapotumiwa kama pazia la udanganyifu, mahakama zaweza kulifunua pazia na kumtazama mtu aliye nyuma yake. Lakini toleo ni toleo. Anayetaka pazia lifunuliwe sharti athibitishe udanganyifu, na kuthibitisha udanganyifu ni kazi ya wakili, na wakili ni fedha.

Utetezi wa ukuta huu si dhaifu. Kiwanda cha kuchambulia pamba hakijengwi na mfuko mmoja. Ikiwa kila anayeweka shilingi laki moja katika kiwanda anaihatarisha pia nyumba yake na mashamba yake, wataweka wachache tu, nao ni wale matajiri wanaoweza kukisimamia kwa macho yao wenyewe. Dhima yenye kikomo imewafungulia mlango watu wa kiasi waingie mahali palipokuwa pa wakubwa. Tena hapana siri. Jina la kampuni humalizika kwa neno linalomwambia kila mtu kwamba dhima ina kikomo. Anayeiuzia kwa mkopo ameonywa, na akikubali, amekubali kwa hiari. Mtu aliyepima hatari akaiingia hana haki ya kulia kwamba amedhulumiwa, kama vile mvuvi hailaumu bahari.

Utetezi huu umekamilika isipokuwa katika neno moja, nalo ni "kupima". Ni nani hasa anayepima? Mkurugenzi wa kampuni changa akienda benki kuomba mkopo, benki haitosheki na sahihi ya kampuni. Aghalabu humtaka mkurugenzi mwenyewe aweke dhamana ya nafsi yake, na ikiwezekana hati ya nyumba yake. Benki imeuona ukuta, na kwa kuwa ina nguvu ya kukataa, imeutoboa. Muuzaji mkubwa wa mashine hufanya hivyo hivyo. Basi ukuta unaosemwa kuwa mbele ya wote unabaki umesimama mbele ya wale tu wasioweza kusema hapana: kibarua wa kiwandani, mwenye mkokoteni, na mkulima aliyeleta pamba akapewa karatasi. Kibarua sheria imemkumbuka kidogo, kwa kuutanguliza mshahara wake katika ugawaji wa mali ya kampuni iliyofilisika. Mkulima husimama katika safu ya mwisho, pamoja na wadai wote wasio na rehani, baada ya benki iliyoshika rehani kuchukua chake.

Jambo hili halikubaki katika vitabu. Katika msimu wa mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, wakati ambapo bei ya dunia ilikuwa inashuka. Kampuni nyingi zilisita kununua. Pamba ya Kanda ya Ziwa ikapokelewa kwa mkopo, na wakulima wengi wakangoja malipo yao kwa miezi. Hapana haja ya kudhani uovu wa mtu yeyote. Kampuni iliyokataa kununua kwa hasara ilikuwa inalinda fedha za wanahisa wake, kama sheria inavyowataka wakurugenzi wafanye. Serikali iliyotangaza bei ilikuwa inamtetea mkulima. Na mkulima alikuwa na gunia ambalo likinyeshewa halina thamani. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, na mzigo ukamwangukia yule aliyekuwa na nafasi ndogo kuliko wote ya kuuchagua au kuukataa.

Mtu aweza kusema kwamba dawa ya haya imekwisha patikana zamani, nayo ni ushirika. Ikiwa mkulima anaumizwa kwa sababu kampuni si yake, basi na awe na chombo kilicho chake. Hiyo ndiyo fikra iliyowasukuma wafumaji wa Rochdale katika Uingereza mwaka 1844, na ndiyo iliyoingia katika Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanganyika ya mwaka 1932, ambayo chini yake wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliandikisha chama chao kikuu mwaka uliofuata. Kwa sura ya nje, chama cha ushirika ni ndugu wa kampuni: kimesajiliwa, kina nafsi ya kisheria, kina hisa, na dhima ya mwanachama ina kikomo. Tofauti iko katika kura. Katika kampuni zinahesabiwa hisa. Katika ushirika vinahesabiwa vichwa. Mwenye ekari 40 na mwenye ekari mbili hunyosha mkono mmoja mmoja.

Katika nchi ya pamba fikra hiyo haikutoka kitabuni. Ilitoka katika mizani. Wakulima wa Jimbo la Ziwa walikuwa wakiwauzia wanunuzi binafsi, na malalamiko makubwa yalikuwa kwamba mizani ya mnunuzi husema uongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka mizani yao wenyewe, ili pamba ipimwe kabla haijafika kwa mnunuzi na kila mtu ajue uzito wake. Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, aliongoza juhudi za kuyaunganisha makundi haya; mwaka 1952 kukawa na umoja wa wakulima wa jimbo, na mwaka 1955 likasajiliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Nchi ya Bariadi, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa, ilikuwa ndani ya mwendo huo. Hata mwisho wa miaka ya 1950 pamba ya jimbo ilikuwa inapita mikononi mwa vyama, na shirikisho likaanza kumiliki viwanda vya kuchambulia, kwa fedha zilizokatwa senti kwa senti katika kila ratili ya pamba.

Senti zile zinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna fundisho juu ya maana ya kumiliki. Mkulima hakuombwa atoe mtaji; alikatwa. Kiwanda kilikuwa chake kwa daftari, lakini hakikuwa na jina lake ukutani, wala hakuweza kuiuza sehemu yake ahamie mahali pengine. Alichokuwa nacho ni sauti katika mkutano wa chama chake cha msingi, ambacho kilituma mjumbe kwenye chama kikuu, ambacho nacho kilituma mjumbe kwenye shirikisho. Sauti inayopita katika vinywa vitatu hufika dhaifu. Mwaka 1966 serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa kuwa malalamiko ya wizi, upendeleo na gharama kubwa yalikuwa yamezidi, na haukupita muda Shirikisho la Victoria likavunjwa, mahali pake pakawekwa chama kimoja cha Nyanza. Kisha Sheria ya Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ikafanya kijiji chenyewe kuwa kama chama cha ushirika, na mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vyote vikafutwa. Pamba ikanunuliwa na Mamlaka ya Pamba, shirika la umma lililoundwa mwaka 1973. Viwanda vilivyojengwa kwa makato vikapata mwenyewe mwingine.

Swali la kiadili lililo katika tendo hilo ni zito kuliko hesabu yake. Shirika la umma lilikuwa la wananchi wote. Mkulima ni mwananchi. Basi yaweza kusemwa kwamba hakunyang'anywa, bali alichokuwa nacho pamoja na wakulima wenzake sasa anacho pamoja na taifa zima. Hoja hii imenyooka kama kamba, nayo inaonyesha hatari ya kulipanua neno "wetu" pasipo kipimo. Kadiri wenyewe wanavyozidi, ndivyo haki ya kila mmoja ya kusema "hapana" inavyozidi kuyeyuka, mpaka inabaki miliki isiyo na tendo hata moja ambalo mmiliki anaweza kulitenda. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alisema kwamba kuvifuta vyama vya ushirika ni moja ya mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha virudisha, na mwaka 1984 mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake, ukapata chama kikuu chake, SHIRECU. Lakini vilirudishwa kwa amri, kama vilivyofutwa kwa amri. Uanachama wa hiari ulirudi katika sheria ya mwaka 1991. Miaka mitatu baadaye biashara ya pamba ikafunguliwa kwa kampuni binafsi, na vyama vikuu, vikiwa na madeni mazito, vikashindwa kushindana.

Mwaka 2018 gurudumu liligeuka tena. Serikali ilielekeza kwamba pamba ya mkulima ipitie katika AMCOS: chama kipokee, kipime, kitoe stakabadhi, kisha kampuni ilipe. Sheria ya sasa ya ushirika ni ya mwaka 2013, na inasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, una chama kikuu chake, SIMCU. Mizani imerudi mikononi mwa watu wa kijiji, jambo ambalo wazee wa miaka ya 1950 wangelifurahia. Hata hivyo hapa ndipo kamba ya mwenye mali na mwenye deni inapofungwa fundo la ajabu. Mkulima aliyeleta kilo 600 kwa mkopo anadai fedha zake. Stakabadhi yake ina muhuri wa AMCOS. AMCOS ni nani? Ni wanachama. Mwanachama ni nani? Ni yeye. Kwa hiyo mkulima amejikopesha mwenyewe, na akitaka kudai hana budi kuupigia hodi mlango wake. Kampuni, iliyo mdaiwa wa kweli, haina mkataba naye. Ina mkataba na chama. Ukuta mmoja ulikuwa kati yake na wanahisa wa kampuni; sasa ziko kuta mbili, na ya pili imejengwa kwa matofali yake.

Wapo wasemao kwamba mkulima alaumiwe kwa hayo, kwa kuwa mwenye chama ndiye mwenye kukilinda. Asipohudhuria mkutano mkuu, asiposoma hesabu, asipoiuliza bodi, asilie. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lisilofunguliwa ni sawa na lisilokuwapo. Lawama hii ina haki ndani yake. Mtu anayedai matunda ya umiliki na kukwepa kazi zake hana tofauti na mbia aliyekula faida akaruka deni. Ila lawama humfaa mtu aliyeingia kwa hiari na awezaye kutoka. Mkulima ambaye njia pekee ya kuuza pamba yake ni kupitia chama fulani hakukichagua chama hicho. Amekikuta, kama anavyoukuta mto katika njia yake. Hawezi kusifiwa kwa kuwa mwanachama, na ni vigumu kumlaumu kwa kuwa mwanachama mlegevu. Sheria yaweza kumwandika mtu katika daftari la wenyewe. Haiwezi kumfanya aone kwamba kitu ni chake.

Ni kweli pia kwamba aibu haigawanywi sawa. Mkurugenzi wa kampuni iliyoshindwa kulipa yuko Mwanza au Dar es Salaam, na dhima yake ina kikomo kwa sheria na kwa umbali. Karani wa AMCOS hukutana na wadai wake kisimani, mnadani na msibani. Mshahara wake, akiwa nao, ni mdogo. Deni si lake kwa sheria yoyote. Lakini yeye ndiye mwenye uso. Yaliyosemwa juu ya mwenye duka yanamrudia yeye, pasipo kuwa na duka. Hapo ndipo yaonekana kwamba uwajibikaji haukufutwa na dhima yenye kikomo. Ulihamishwa, na kama maji ulikwenda mahali palipo chini.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo imeacha chombo kimoja mikononi mwa wauzaji, nacho hakitajwi sana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuzizuia bidhaa maadamu bado ziko mikononi mwake. Pamba iliyo ndani ya ghala la chama, hata ikiwa imekwisha kupimwa na kuandikwa jina la mnunuzi, yaweza kuzuiwa mpaka fedha zije. Pamba iliyopakiwa katika lori la mnunuzi na kuondoka haizuiliki tena kwa haki hiyo, na chama kimegeuka kuwa mdai wa kawaida katika safu ya mwisho. Basi mpaka kati ya kuwa na dhamana na kutokuwa nayo hauko mahakamani wala katika ofisi ya msajili. Uko katika mlango wa ghala, nao hupitwa kwa dakika chache, mara nyingi usiku, kwa neno la mwenyekiti na mchukuzi.

Mkutano mkuu wa AMCOS ya Sapiwi, au ya kata nyingine yoyote, unao uwezo wa kuamua kabla ya msimu kwamba lori halitatoka kabla ya fedha kuingia. Ni azimio la mistari miwili. Ugumu wake unajulikana na kila anayehudhuria: mnunuzi atacheka, ataliendesha lori lake tupu mpaka kata ya jirani, na huko atawakuta watu wenye ada za shule za kulipa na mvua inayokaribia, nao watampakilia kwa mkopo. Wakulima wa mwaka 1955 waliuona ugumu huo huo. Mizani moja katika kijiji kimoja haikuwasaidia kitu maadamu mnunuzi aliweza kuvuka mto, ndiyo maana hawakuishia kwenye mizani. Hawakuwa na mtaji, wala hapakuwa na mwanasheria kati yao. Walikwenda chama kwa chama, wilaya kwa wilaya, mpaka hapakubaki kata ya jirani.